Titi la Kulia

Jumapili ile manesi walikuja ukumbi wa parokia baada ya misa ya pili. Akina mama wa jumuiya walikuwa wametangaziwa wiki nzima: kila aliyevuka miaka arobaini apite nyuma ya pazia, apapaswe matiti, afundishwe namna ya kujipapasa mwenyewe nyumbani, na atakayeonekana na dalili apewe rufaa. Justina naye alipanga foleni. Upepo wa Juni ulikuwa unapita chini ya mlango, na wanawake walijifunika vitenge hadi masikioni wakicheka na kusukumana.

Foleni ikasogea. Nyuma ya pazia alisikia sauti ya nesi: "Vua na sidiria, mama. Usione haya, mkono wangu ndio macho yangu."

Justina akakumbuka ghafla kwamba ameacha maharage jikoni. Alilisema hilo kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza, akatoka. Mlangoni alikutana macho na wifi yake, Cornelia, ambaye ndiye aliyekuwa akiwapanga wanawake kwenye mabenchi. Cornelia alimtazama tu kuanzia usoni, akashuka kifuani, akarudi usoni.

Justina alikuwa na miaka arobaini na sita. Mzaliwa wa Mpui, mtoto wa wakulima wa mahindi na ulezi, alikuja Sumbawanga mjini akiwa ameolewa, akafungua duka la nguo za akina mama karibu na soko kuu. Mume wa kwanza alifariki akimwachia watoto watatu, Eustace akiwa wa kwanza, na duka lenye rafu nusu tupu. Justina hakukaa chini kulia kwa muda mrefu. Alifuata mzigo Tunduma, kisha Dar es Salaam, na biashara ilipokaa sawa akapanda ndege na wafanyabiashara wenzake kwenda Uturuki.

Huko ndiko alikofanya jambo lake. Matiti yalikuwa yamenyonyesha watoto watatu na yamechoka. Kila akijaribu nguo mbele ya kioo cha duka aliona nguo imependeza na kifua kimeharibu. Hakuna mwanaume aliyemtuma. Alikuwa mjane, pesa ni yake, mwili ni wake. Rafiki yake Sharon, mwenye saluni, ambaye walisafiri pamoja, alimshika mkono hadi mlango wa chumba cha upasuaji na kumlisha supu alipoamka. Walirudi nyumbani na mabegi ya nguo, na Justina amewekewa vipandikizi vya silikoni, kimoja kila upande. Mjini watu walisema Uturuki kumemnenepesha.

Baada ya miaka mitatu alimpata Cleophas, mgane mpole, afisa ugani wa kilimo aliyepangiwa Matai na kurudi Sumbawanga mwisho wa wiki. Siku za kwanza za ndoa Cleophas aliona alama ndogo chini ya kila titi, akauliza. Justina akajibu kabla hajafikiri: "Nilipata majipu nikiwa binti. Yalipasuliwa." Cleophas alimpa pole. Uongo ule ulikuwa mdogo, ukapata kitanda, ukalala nao.

Sasa kilichomfanya akimbie foleni si aibu peke yake. Tangu Pasaka, alipokuwa akioga, kidole chake kilikuwa kikigusa kitu kigumu pembeni mwa titi la kushoto, kama ukingo wa sahani uliofunikwa na kitambaa. Akibonyeza, kinarudi ndani. Akiacha, kiko palepale. Alijiambia ni silikoni imepasuka. Kesho yake akajiambia ni saratani. Siku ya tatu akawa na hakika ni vyote viwili. Kwenye simu alikuwa ametumiwa sauti ya mwanamke asiyemjua, akionya kwa kilio kwamba mashine ya kupiga picha ya matiti inabana kama koleo, na mwenye silikoni ikimpasukia sumu inatembea hadi kwenye moyo. Justina aliisikiliza sauti ile hadi akaikariri. Na nesi wa ukumbini alikuwa binti wa jirani. Sumbawanga si mji mkubwa. Neno likitoka asubuhi mtaa wa Kizwite, saa sita linanunuliwa sokoni pamoja na dagaa.

Jumatano iliyofuata Cornelia alipita dukani, akashika gauni moja, akaliacha.

"Wifi, siku ile ulitukimbia."

"Maharage yalikuwa yanaungua."

"Enhe." Cornelia akatabasamu upande mmoja. "Wengine wanaogopa mkono wa nesi kwa sababu kuna walichokificha humo. Sisemi wewe. Nasema wengine."

Akaenda zake. Justina alibaki amekamata kaunta. *Humo.* Cornelia alikuwa amesema *humo*, tena kwa kuonyesha kifua. Ni nani mwingine duniani aliyejua kilichokuwa humo? Alifunga duka, akavuka barabara hadi saluni, akamkuta Sharon anasuka mteja.

"Umemwambia Cornelia nini?"

Sharon alishangaa, mkono umesimama hewani na rasta. "Cornelia yupi? Nimwambie nini?"

"Usinifanye mtoto, Sharon."

"Mama Eustace, keti kwanza. Sijui unachosema."

Lakini Justina alikuwa ameshamwona mteja akigeuza shingo asikie vizuri, na hilo nalo akaliweka kwenye hesabu ya Sharon. Hakuketi. Toka siku hiyo alipita upande wa pili wa barabara, na Sharon akimpigia simu haipokei.

Akaona akapimwe mahali ambapo hakuna anayemjua. Alipanda basi la Namanyere, akashuka Chala siku ya mnada, akaingia kwenye zahanati moja ya binafsi. Jina aliloandikisha ni Hellena.

Tabibu aliitwa Wiliam, mtu mzima aliyevaa sweta chini ya koti jeupe. Alimpapasa polepole, mhudumu wa kike akiwa pembeni. Alipofika titi la kushoto mkono ukasimama. Akapapasa la kulia. Akarudi la kushoto.

"Mama Hellena, umewahi kufanyiwa upasuaji wa kifua?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Nimesema hapana."

Wiliam akapapasa tena pembeni mwa titi. "Huku ndani kuna kitu laini, cha mviringo, kikubwa kuliko uvimbe ninaoujua. Kinaweza kuwa maji. Nitaingiza sindano nivute kidogo tuone." Akamgeukia mhudumu aandae sindano.

Justina aliiona sindano ikitolewa kwenye pakiti. Akaona silikoni inatobolewa, sumu inatembea. Akaruka kutoka kitandani akiwa ameshikilia blauzi kifuani.

"Usinichome! Ni vya kuwekwa! Niliwekewa Uturuki."

Alimtazama mhudumu kwanza, kuona kama atacheka. Mhudumu alikuwa anarudisha sindano kwenye trei. Wiliam aliketi.

"Bora umesema," alisema. "Ningetoboa. Mimi sijawahi kumhudumia mwanamke mwenye vipandikizi, sitakudanganya. Nenda Mbeya, kwenye mashine ya picha. Lakini mama, ukifika, kabla hujavua hata kiatu, waambie. Na hicho ulichokigusa kiandikwe kwa jina lako la kweli, maana Hellena si jina lako."

Justina hakumuuliza amejuaje. Njia nzima ya kurudi alijiuliza kama mtu yule ana ndugu Sumbawanga.

Kwa Cleophas alisema anakwenda Tunduma kwa Limbu, muuza jumla wake wa siku nyingi, kuchukua mzigo. Basi lilipofika Tunduma hakushuka. Alifika Mbeya jioni, akalala nyumba ya wageni, na asubuhi akawa kwenye hospitali kubwa, kwenye benchi la chumba cha picha, mkoba mapajani kama ngao.

Aliyemwita ni dada mmoja mtaalamu wa mionzi aliyejitambulisha kwa jina la Happy. Kabla Happy hajafunga mlango vizuri, Justina alikuwa ameshasema.

"Nina vipandikizi. Silikoni. Vyote viwili."

"Asante kwa kuniambia mapema," Happy alisema, akaandika. "Vina muda gani?"

"Miaka minane. Usinibane. Nimesikia vinapasuka."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

Happy alivuta kiti akakaa karibu naye. "Siwezi kukuambia haiwezekani kabisa. Inaweza kutokea, lakini ni kwa nadra sana, na zaidi ni kwa vile vilivyochakaa. Nitakachofanya ni hiki. Picha za kwanza nitapiga kila kitu kikiwa mahali pake, nikibana kidogo tu. Halafu nitakisukuma kipandikizi nyuma, kielekee mbavuni, niivute nyama ya titi lako mbele, na hiyo ndiyo nitakayoibana. Silikoni kwenye picha ni kama wingu jeupe. Inafunika kilicho nyuma yake. Nisipoisogeza nitakupa majibu ya nusu. Kwa hiyo wewe utapigwa picha nyingi kuliko wenzako."

"Umeshawahi kumpiga mwenye hivi?"

"Nimeshawapiga. Si wengi."

"Na hawa wa nje wataambiwa?"

"Mama, wa nje wana ya kwao."

Justina alimtafuta usoni dalili ya kejeli, hakuiona, na hilo nalo likamtia wasiwasi. Akavua. Vidole vya Happy vilikuwa vya baridi na vilijua vinakokwenda. Mashine ilibana. Iliuma, maumivu ya kukunja uso, lakini hakusikia kitu kikipasuka. Kila picha ilipokwisha alijishika chini ya titi kuhakikisha silikoni ingali nzima, na Happy alimsubiri bila kumharakisha. Baadaye alipelekwa chumba kingine kwa altrasaundi, akapakwa jeli ya baridi pande zote mbili.

Mchana daktari alimwita. Aliitwa Anyelwisye, mwanamke mfupi mwenye miwani, na mezani kwake kulikuwa na skrini kubwa iliyowaka rangi ya kijivu.

"Huku kushoto," alisema akionyesha, "hicho unachokigusa ni ukingo wa kipandikizi uliojikunja. Kinafanya hivyo kikikaa miaka. Si saratani. Na hakijapasuka."

Justina alishusha pumzi ambayo ni kama aliishika tangu Pasaka.

"Lakini hapa kulia kuna doa. Ni dogo, halishikiki kwa mkono. Kwenye picha ya kwanza halikuonekana kabisa, wingu limelifunika. Tulipokisogeza kipandikizi ndipo likatokea, na altrasaundi nayo imeliona. Silipendi umbo lake. Nataka tuchukue kinyama kidogo kwa sindano, tukiangalia kwenye skrini ili tusiguse silikoni."

"Ni kushoto, daktari."

"Kushoto ndiko unakokugusa. Doa liko kulia."

"Mimi kulia sina kitu. Sijawahi kusikia kitu kulia." Sauti yake ilianza kupanda. "Mmechanganya picha. Kuna mwingine aliyeingia kabla yangu, mmenipa zake. Au mmeipindua."

Dakta Anyelwisye alimwonyesha jina lake pembeni mwa picha, na alama ya upande. Alimwonyesha umbo la vipandikizi, ambavyo siku ile hakuna mwingine aliyekuwa navyo. Kadiri alivyoeleza ndivyo Justina alivyozidi kuona mtu anayejitetea. Kwa nini aeleze sana? Labda mwenye silikoni huonwa ana pesa. Labda wanataka kujifunzia kwake. Alichukua mkoba, akasema atarudi, akatoka bila sindano.

Nyumbani alimkuta Cleophas sebuleni, ingawa haikuwa siku yake ya kurudi. Alikuwa hajavua koti.

"Mzigo uko wapi?"

"Limbu hakuwa nao mpya. Nimerudi mikono mitupu."

"Nilimpigia Limbu jana, simu yako ilikuwa haipatikani. Anasema hajakuona tangu mwezi wa tatu." Aliongea taratibu, kama anayepima mbolea. "Mama Eustace, huyo mwanaume ni nani?"

"Hakuna mwanaume."

"Wiki mbili zilizopita ulionekana Chala. Hatuna ndugu Chala. Sasa umelala nje, umenidanganya ulikolala. Niambie jina lake tu, nijue."

Justina aliketi. Alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka. Akaanza katikati, akarudi mwanzo: Uturuki, majipu ambayo hayakuwa majipu, Chala, jina la Hellena, mashine, doa. Alipomaliza hakuweza kumtazama.

Cleophas alivua koti, akalikunja magotini. "Nilikuuliza," alisema. "Ile alama. Nilikuuliza kwa mdomo wangu, nikakupa pole."

"Nilikuwa mjane wakati ule. Nilifanya kwa ajili yangu."

"Hilo la kufanya sina neno nalo. Mwili wako. Nasema la kunijibu."

Asubuhi Cleophas alirudi Matai bila kunywa chai. Siku zikapita bila simu. Justina alikaa dukani akijiuliza mumewe ameshamwambia nani, na kila mteja aliyeingia akimsalimia alimsikilizia mwisho wa salamu kama una mkia. Usiku alikuwa akipapasa titi la kulia, akibonyeza hadi likauma, akitafuta doa. Hakuna kitu. Kutokuwepo kwa kitu kulimpa ushahidi kwamba amedanganywa, kisha dakika ileile kulimtisha zaidi.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Cleophas alirudi. Aliweka mkoba chini, akabaki amesimama.

"Sindano walikuchoma?"

"Hapana. Siwaamini."

"Huwaamini." Akatingisha kichwa. "Na mimi nakuangalia hapa ulipo, najiuliza kama una kingine ambacho hujaniambia. Basi ndani ya nyumba hii hakuna anayemwamini mtu. Lakini hiyo sindano utachomwa. Jumatatu tunakwenda wote."

"Unakuja kunichunga?"

"Ndiyo," alisema. "Nakuja kukuchunga."

Mbeya Cleophas alimketisha Dakta Anyelwisye akamuuliza yote upya, upande gani, picha ya nani, sindano itapita wapi, kama bwana shamba anayekagua mbegu za dukani. Kisha akasema picha irudiwe. Daktari hakukasirika. Alirudia altrasaundi ya titi la kulia mbele yao wote wawili, na doa likaonekana palepale, jeusi, lenye kingo zilizochanika, juu ya mstari wa kipandikizi. Justina alilitazama kwa macho yake likiwa ndani ya mwili wake. Sindano iliingia ikimulikwa kwenye skrini, ikachukua ilichotaka, silikoni haikuguswa.

Majibu yalipotoka yalisema saratani, ndogo, haijafika kwapani.

"Ni silikoni iliyoileta?" aliuliza Cleophas.

"Hapana," daktari alijibu. "Ipo saratani moja ya nadra sana inayohusishwa na baadhi ya vipandikizi, na mwenye navyo akiona titi limevimba ghafla asikae kimya. Hii siyo hiyo. Hii inampata mwanamke yeyote. Silikoni iliificha tu, na ndiyo maana nasema mwenye navyo apimwe, na aseme anavyo."

Walimfanyia upasuaji wa kuondoa uvimbe. Justina mwenyewe aliomba vipandikizi vyote viwili vitolewe wakati huohuo. Daktari alimweleza kwamba wapo wanaobaki navyo, kwamba hakulazimika. Alisema anataka safari ijayo mashine isiwe na kitu cha kuzunguka. Baada ya hapo akaenda Dar es Salaam kwa tiba ya mionzi, akakaa kwa binti yake, akarudi Sumbawanga amepungua, ngozi ya upande wa kulia imekuwa nyeusi kama iliyopitiwa na pasi.

Cornelia alikuja kumwona, amebeba uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Justina alimpokea akimtazama mikono. Walipokuwa wawili tu akashindwa kujizuia.

"Wifi, siku ile dukani. Ulisema kuna wanaoficha kitu humo. Nani alikuambia?"

Cornelia aliona haya hadi akainamisha kichwa. "Wifi yangu, nisamehe. Nilidhani una hirizi. Nilidhani umeishonea kwenye sidiria, ndiyo maana biashara yako haifi, na ndiyo maana ukaogopa kuvua mbele ya nesi. Nilitaka hata kumwambia paroko."

Justina alicheka hadi mshono ukamuuma. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu alimkumbuka Sharon.

Alikwenda saluni siku ya pili akitembea taratibu. Sharon alimletea kiti na mto wa kuegemea, akamuuliza hali, akamsikiliza hadi mwisho. Justina akasema alimkosea, akaomba radhi.

"Yameisha," Sharon alisema. "Mimi sikuwahi kusema, hata kwa mume wangu. Lakini ulinihukumu mbele ya mteja, na hukunipokelea simu ukiwa unaumwa. Ningekuja nawe Mbeya."

Wanasalimiana sasa. Sharon humsuka kama zamani. Ila ile ya kukaa hadi jioni wakila samaki aina ya migebuka kwa mikono na kusengenya mji mzima haijarudi, na Justina haitafuti kwa nguvu.

Anameza kidonge kila siku, cha kuzuia saratani isirudi. Mara moja kwa mwaka anakwenda Mbeya kwa picha, matiti yote mawili. Happy akimwita, Justina humwomba asome jina lote na upande kwa sauti kabla ya kuwasha mashine, na Happy husoma. Cleophas hukaa nje kwenye benchi. Alipata uhamisho wa kurudi mjini, na nyumba imetulia, ingawa mara nyingine mke akipokea simu uani humwona mumewe amesogea dirishani. Hamkemei. Huongeza sauti ili asikie vizuri.